Kiti Tulichokizungusha Masika Yote

Bukoba, 7 Machi 1955

Leo nimeanza kazi kwa Dakta Pell. Ni Mwingereza mrefu mwenye miwani mizito, na amekuja Buhaya kupima watu. Nilipomwambia hivyo Bibi Mwamvita, mwenye nyumba niliyopanga hapa Miembeni, aliniuliza kama huyo ni fundi cherehani. Nilicheka sana, kisha nilipojaribu kumfafanulia nikaona hata mimi sijalielewa jambo lenyewe vizuri.

Nijaribu hapa, kwa kuwa Dakta amenipa daftari hili na kuniambia mkalimani mzuri huandika kila siku. Anataka kujua jinsi mataifa yanavyotofautiana katika kumheshimu mkubwa. Si mataifa tu, hata ofisi na ofisi, kiwanda na kiwanda. Huko kwao aliuliza kwa karatasi, akagundua kwamba watu huandika yale wanayodhani yeye anataka kusoma. Sasa ameacha kuuliza midomo, anauliza miguu. Anaweka kiti kitupu uani, anamwambia mtu, "Fikiri kwamba mkubwa wako amekaa hapa. Nenda ukamsalimie." Mtu anakwenda, anasimama pale anapoona panafaa, nami navuta utepe kutoka mguu wa kiti mpaka kidole chake cha mguu. Basi. Ameshapima wafanyakazi wa kiwanda cha soksi Uingereza na makarani wa reli Uganda. Sasa ni zamu yetu: wakulima, watu wa misheni, makarani wa ushirika wa kahawa na watu wa mjini.

Mimi ni Josia Kagaruki, mwalimu niliyechoka kufundisha, na sijawahi kupata kazi nyepesi namna hii.

9 Machi

Mvua. Hatukutoka.

13 Machi, Kaagya

Nimekuja nyumbani baada ya ibada. Tangu Tata, baba yangu, afariki mwezi wa tisa, kila nikifika hapa kumwona Mae, mama yangu, namkuta baba mdogo Kaijage ameshanitangulia, amekaa kwenye mkeka, anakitazama kiti cha marehemu kaka yake.

"Josia," alisema, "kile kiti kina vumbi."

"Mae anakifuta kila asubuhi, baba mdogo."

"Vumbi ninalosema mimi haliondoki kwa kitambaa."

Kwetu mwenye nyumba akifa, mrithi hukalishwa kwenye kiti chake mbele ya ukoo. Akishakaa, kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba, ni chake, na shida zote za kibanja ni zake pia. Mtoto wa kwanza ni mimi. Kukaa maana yake ni kurudi kijijini na kuamua mbuzi wa nani amekula migomba ya nani mpaka nizeeke. Nilisema nina kazi. Baba mdogo akasema ukoo umenipa masika haya, hauniongezei hata siku moja. Mvua zikikatika kiti kikiwa bado kitupu, atakaa yeye. Ana wake wawili na watoto wengi, na Mae atahamishiwa kwenye kibanda cha bondeni ambacho hata mbuzi walikikataa.

 Mae alinifungia ndizi za kwenda nazo mjini.

18 Machi

Leo tumepima mjini na mbavu zinaniuma kwa kucheka. Karani mkuu mmoja alikisogelea kiti mpaka magoti yakagusa, akanong'ona kuomba likizo. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mnyampara alisimama langoni kabisa, akakataa kuingia uani mpaka aitwe. Bibi Mwamvita alikwenda moja kwa moja akakung'uta kiti kwa upande wa kanga. "Mkubwa wangu mimi alikuwa marehemu mume wangu," alisema, "na huyo nilikuwa namwambia ajisogeze nikae." Uledi, dereva wetu, mtoto wa hapa hapa Miembeni, aligoma kupimwa. Anasema mkubwa wake ni injini, naye humsalimia kwa mateke.

Dakta alifurahi. Anasema tofauti ndiyo chakula chake, na kama watu wote wangesimama mahali pamoja angefunga mizigo arudi kwao.

24 Machi, Nshamba

Kiti cha Dakta kimekufa. Kilikuwa cha turubai, cha kukunja, na mvua za wiki mbili zimekiozesha. Muuza duka mmoja alikiegemea tu, kikachanika kuanzia juu hadi chini. Dakta alishika vipande vyake kwa uchungu kabisa. Alisema kiti kingine chochote kitafaa, mradi kiwe kigumu na kisibadilishwe tena mpaka mwisho, maana ukibadilisha kipimo katikati ya kazi umeharibu kazi.

Nilisema nyumbani kwetu kipo kimoja imara cha mbao, kina mikono, kilichongwa na seremala wa misheni. Nilisema upesi, nikitaka anisifu. Akanisifu.

25 Machi, Kaagya

Nilitegemea Mae akatae. Hakukataa. Alikifuta kile kiti polepole, akaingia chumbani, akatoka na lubugo, lile gome la mti lililopondwa ambalo sisi tunazikia. Akakivika kiti chote mpaka miguuni na kukifunga kwa kamba.

"Ni kwa ajili ya mvua, Mae?" nikauliza.

"Unampeleka wapi?"

"Kiti nakipeleka Nshamba, kisha huko mbele Muleba, kisha mjini."

"Basi mwambie mnakokwenda. Asije akashtuka."

Nilidhani uzee umeanza kumchezea. Uledi alisikia yote, akakifunga kiti nyuma ya Landrova bila utani wake wa kawaida, na njia nzima hakuimba. Sikukiambia kiti tunakokwenda ni wapi. Ningeonekana mwendawazimu.

26 Machi

Jua. Tumekausha nguo.

29 Machi, Nshamba

Niandike kwa utaratibu, kwa sababu Dakta mwenyewe leo amechanganyikiwa.

Tulianza kwa mkulima mmoja anayeitwa Rutashobya. Alikitazama kiti, akavua kofia, akaenda akasimama. Futi kumi na moja. Akasema "Kaboneka, waitu," salamu ya kumpa mtu mkubwa, kwa sauti ya chini. Halafu ndugu yake, ambaye ni mlevi na mwenye fujo: futi kumi na moja. Halafu mama yao. Tukahamia kilima cha pili, kwa mwinjilisti wetu wa Kilutheri, ambaye hakuwaona wale wengine. Naye kumi na moja.

Dakta aliukagua utepe. Akalinganisha na rula yake ya ofisini. Utepe ni mzima.

Hakuna aliyetania. Hilo ndilo lililonikaa kichwani nilipokuwa nakunja utepe. Kwenye kile kiti cha turubai kila mtu alikuwa na la kusema. Hapa wanavua kofia, wanasalimu, na wanangoja kidogo kabla ya kuondoka.

4 Aprili, Nshamba

Penina, mke wa Rutashobya, amenitia baridi. Alileta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni yeyote anavyoletewa, akapiga magoti na kukiweka chini mbele ya kiti. Dakta alikuwa amesimama pembeni ameshanyoosha mkono.

"Mama, mgeni ni huyu Mzungu," nikamwambia.

"Huyo naye atapata," alisema. "Ataanzaje kula kijana kabla ya mzee?"

Dakta aliniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema karibu.

6 Aprili, Muleba

Dakta sasa hapimi tu pale watu wanaposimama, anachora na njia wanayopita. Jioni alinionyesha karatasi zake. Mtu akitoka mlangoni kuja kitini, angetegemewa aje kwa mstari ulionyooka. Hawa wote, tangu Nshamba, wakikaribia pale wanaposimama wanakunja kidogo kwenda kushoto kwao, kisha wanarudi. Wanazunguka kitu. Mahali hapo hapana jiwe wala dimbwi, na kila ua ni tofauti.

"Unaelewa ni nini, Josia?" aliuliza. "Ni desturi?"

Nilisema sijui. Nilikuwa najua. Tata alianguka kutoka kwenye mnazi wa padri mmoja huko pwani alipokuwa kijana, na mguu wake wa kushoto haukukunjika tena. Akikaa kwenye kile kiti aliunyoosha mbele, mrefu, umeelekea upande, na mtu yeyote aliyekuwa akiingia nyumbani kwetu alijua pa kupita, akakunja tangu mbali asiukanyage. Sisi watoto tulijua hata gizani.

Watu wa Muleba hawakumjua baba yangu. Naandika hili mara mbili ili nilione vizuri: hawakumjua.

10 Aprili

Pasaka. Nimekwenda kanisani Bukoba. Nyumbani sikwenda.

14 Aprili

Dakta ananishuku. Hakuficha, na kwa hilo namheshimu. Alisema matokeo ya namna hii hayapatikani kwa binadamu isipokuwa kuna mtu anawaonyesha pa kusimama, na mtu huyo bila shaka ni mkalimani, pengine kwa jicho tu, pengine bila kujua. Nilikasirika. Nilisema anifungie ndani ya Landrova na Uledi aseme yale maneno badala yangu.

Akafanya hivyo. Nilikaa humo nimegeuzia watu kisogo, nasikia mvua juu ya bati la gari. Uledi alirudi baadaye kufungua mlango, uso umemwiva.

"Ni kumi na moja, kaka Josia," alisema. "Wote. Na Mhindi mmoja mwenye duka naye, na mke wake. Mimi mwenyewe nilipokuwa nakipanga kile kiti nimejikuta naondoka kinyumenyume."

Dakta aliniomba radhi. Aliomba radhi vizuri, kwa Kiswahili, akanishika mkono. Kisha akasema, huku anafuta miwani, kwamba katika miaka yake yote hajapata jedwali lililonyooka namna hii, na kwamba linamwogopesha kidogo.

15 Aprili

Mvua. Mvua.

22 Aprili, Miembeni

Tumerudi mjini kuwapima upya wale wa mwezi wa tatu. Dakta anataka kujua kama watabaki na namba zao za kwanza. Hakuna aliyebaki nayo. Yule karani mkuu wa magotini hakuomba likizo. Yule mzee wa langoni safari hii aliingia uani bila kuitwa, akaja mpaka futi kumi na moja kama wenzake, akasema, "Leo ameniita."

Bibi Mwamvita nilimngoja kwa hamu. Nilijua huyu ataivunja habari yote kwa kicheko chake. Alitoka na ungo wa mchele mkononi, akakiona kiti, akauweka ungo chini. Alivuta kanga akajifunika kichwa. Akaja, akakunja kwenda kushoto, akasimama. Sikuvuta utepe, hakukuwa na haja.

"Josia mwanangu," alisema bila kunitazama, "huyu mzee mnamzungusha hivi mpaka lini? Amechoka."

"Bibi, ni kiti tu."

"Mimi sijasema kiti si kiti."

Akachukua ungo wake akaingia ndani, na jioni hakuniuliza kama nimekula, jambo ambalo hajawahi kulisahau tangu nihamie kwake.

Nilikuwa nawacheka watu wetu. Nakiri nilikuwa nikiandika majibu yao na kutabasamu, nikijiona niko upande wa utepe na wao wako upande wa kupimwa. Leo nimeogopa kulala chumba kimoja na kile kiti, nikamwomba Uledi akiache garini. Uledi akakataa, akasema garini hukaa yeye, na yeye ndiye anayeendesha.

Tumekiweka barazani, kimefunikwa lubugo.

3 Mei, karibu na Nshamba

Uledi amefunga, ni Ramadhani, na mimi sina hamu ya kula. Tumekaa njaa wote wawili, mmoja kwa dini na mmoja kwa hofu.

Asubuhi Dakta alikuwa akinisomea kwa furaha hesabu za nchi zake: Uingereza imetawanyika, Uganda imetawanyika kidogo, Bukoba na Muleba nukta moja. Alikuwa anatembea huku anasoma, akitoka kwenye hema kwenda mezani, macho kwenye karatasi. Kiti kilikuwa katikati ya njia yake, mgongo umeelekea hema. Alikipita. Halafu akakunja. Aliinua mguu wake mrefu, taratibu, akauvusha juu ya kitu, akaushusha upande wa pili, akaendelea kusoma.

Uledi na mimi tulitazamana. Dakta alifika mezani ndipo akanyamaza. Aligeuka akatazama majani aliyoyavuka. 

"Josia," alisema, "kiti hiki ni cha nani?"

Nikamweleza yote. Kifo, mguu, ukoo, masika, kibanda cha bondeni. Nilitegemea akasirike kwamba nimemharibia kazi yake, lakini aliuliza jambo moja tu.

"Na wewe husimama wapi?"

 Miezi yote hii navuta utepe kutoka mguu wa kiti, na utepe una ndoano, na kumbe kila siku anayekwenda kuitia ile ndoano ni Uledi. Mimi nashika upande wa mbali. Hakuna aliyetupangia hivyo.

11 Mei

Salamu imefika kutoka Kaagya. Ukoo utakutana Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Baba mdogo ameagiza kiti kirudishwe, na ameshaleta mwanawe kupaka chokaa kile kibanda cha bondeni.

Dakta alikuwa amepanga kukichukua kiti mpaka Uganda, kisha kwao, ili akamilishe. Nilimwomba akiache kirudi nyumbani. Alisema mtu hawezi kumbeba mzee wa watu mpaka Uingereza bila kumwambia anakokwenda. Sijui nani alimwambia maneno hayo. Mimi sikuyatia kwenye maelezo yangu.

17 Mei

Mvua zinapungua.

20 Mei

Nimefunga mzigo wangu wote wa Miembeni. Bibi Mwamvita alinisaidia kukunja shuka. Nilimwambia bado sijaamua. Akasema, "Ndiyo maana nakunja vizuri, zisikunjamane ukiwa bado unaamua."

21 Mei, Kaagya

Mvua haikunyesha. Anga lilikuwa jeupe tangu asubuhi.

Ukoo ulikuwa umejaa uani, wazee kwenye mikeka, wanawake upande wa migomba. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ililetwa, Uledi akakataa kwa sababu ya saumu akakaa chini ya ukuta. Dakta alikuja na utepe wake mfukoni, akauacha humo humo. Mae alifungua kamba mwenyewe, akalivua lubugo, akalikunja akaliweka begani. Kiti kikabaki wazi mbele ya mlango.

Mzee wa ukoo aliuliza kama mtoto wa kwanza yupo tayari. Nilikuwa nimesimama karibu na Dakta. Nikabaki pale pale. Mzee aliuliza tena. Nikatazama chini.

Basi baba mdogo Kaijage akainuka. Si mtu mbaya, nataka niandike hilo. Alikuwa amevaa kanzu mpya na alitembea kama mtu anayekwenda kufanya kazi iliyochelewa. Alikwenda vizuri mpaka pale ninapopajua. Hapo akasimama. Akajaribu kupiga hatua nyingine, mguu ukainuka ukarudi palepale. Jasho likamtoka. Nikasikia majani ya migomba.

"Kaka," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu mdogo sana. "Kaka, sikujua kama bado upo."

Alivua kofia. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye mkeka wake, akakaa, akajifunika uso kwa mikono. Hakuna aliyemcheka.

Mae alikuwa ananitazama. Hakuniita. Alikuwa amelishika lile lubugo begani kwa mikono miwili, na nilipomwona hivyo nikakiona kile kibanda cheupe cha bondeni nyuma yake, chokaa bado mbichi, na nikaona aibu kuliko hofu. Nikaenda. Nikafika pale wanaposimama wote, na ilikuwa kweli, kuna kitu hapo, si ukuta, ni kama mtu anapokutazama usoni ukashindwa kutangulia kusema. Nilisema "Kaboneka, waitu." Kisha nikasema maneno ambayo nilitakiwa kuyasema tangu Machi. Nilimwambia tulikokwenda. Nshamba, nikasema, halafu Muleba, halafu mjini, halafu tena Nshamba, kwa sababu Mzungu huyu alitaka kujua watu wanasimama mbali nawe kiasi gani. Sasa tumerudi. Nikapiga hatua, na nyingine, nikageuka, nikakaa.

Mbao zilikuwa na joto.

Wazee waliguna kwa kuridhika. Mmoja mmoja walikuja kunisalimu, na kutoka pale nilipokaa niliona kitu ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote ya Dakta: ukikaa huku, watu wote ni wadogo, na nyuso zao huzioni vizuri. Dakta naye alikuja. Alivua kofia, akasimama mahali pale pale pa wote.

Wa mwisho alikuwa Mae. Alikuja polepole, akapiga magoti mbali, kwenye futi zile zile. Nilitaka kucheka. Nilimwita, "Mae, sogea, ni mimi." Hakusogea. Alikuwa ameinamisha kichwa, na alipoanza kusema niliitambua ile sauti. Ni ile aliyokuwa akiitumia tulipokuwa wadogo, tulipovunja kitu na hakuna aliyethubutu kwenda mbele ya Tata isipokuwa yeye.

"Waitu," alisema, "nimekuja kwa ajili ya Josia. Amechelewa, najua. Ni kazi za Wazungu, na bado ni mtoto. Lakini anarudi. Usimkasirikie."

Watu wote walikuwa wakinitazama, wakingoja. Yeye pia alikuwa akingoja, magoti kwenye tope.

"Sitamkasirikia," nikasema. "Mwambie aje nyumbani."

Mae aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa nilimwona akitabasamu, akainuka kwenda kuniita.